Insomnia ni nini hasa, na inaingiaje kwenye afya ya akili

Mtu akikosa usingizi siku mbili tu utamsikia anasema nina insomnia, hapana, huo ni usiku mbaya na kila mtu anaupata. Madaktari wanaiita insomnia pale usingizi unapogoma kuja, au unashtuka katikati ya usiku haurudi tena, au unaamka mapema mno, angalau siku 3 kwa wiki kwa miezi 3, na mchana wako unaharibika. Na nafasi ya kulala unayo. Anayelala masaa 4 kwa sababu ya shifti au mtoto mchanga, huyo ananyimwa usingizi, shida yake ni nyingine.

Zamani ilichukuliwa kama dalili tu, yaani una sonona (depression, huzuni nzito isiyoisha) ndo maana hulali, tibu sonona usingizi utarudi wenyewe. Kumbe inaenda pande zote mbili. Mtu ambaye hana sonona kabisa akikaa na insomnia muda mrefu, uwezekano wa kuipata unapanda, kwa sababu ubongo usiolala, ile sehemu ya hofu inaitwa amigdala inawaka haraka na sehemu ya mbele inayotakiwa kuituliza inalegea, ndo maana neno ambalo juzi ungelipuuza leo linakuliza. Kuna utafiti wa Uingereza ulitoka 2017, wanafunzi wa vyuo zaidi ya 3,700 wenye insomnia, nusu wakapewa tiba ya usingizi kwa intaneti, na hao mpaka hisia za kuandamwa na watu na kusikia visivyokuwepo zikapungua! Na kilichotibiwa ni usingizi tu.

Kinachonisikitisha ni kwamba tunaikuza wenyewe bila kujua. Unapanda kitandani mapema ili ufidie, unachungulia saa, unahesabu yamebaki masaa mangapi, mwisho kitanda kinakuwa sehemu ya kuwazia. Tiba inayopendekezwa kwanza sio vidonge, ni CBT-I, yaani tiba ya kubadili mawazo na tabia zinazoharibu usingizi, unafundishwa kuamka muda uleule kila siku hata kama ulilala vibaya, zikipita kama dakika 20 bila usingizi unatoka kitandani mpaka uusikie, na muda wa kukaa kitandani unapunguzwa makusudi. Hilo la kupunguza, mwenye bipola (ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi) au kifafa asijaribu bila daktari, kukesha kunaweza kumwamshia ugonjwa.