Je, wajua kwa nini Python uliyonayo haiioni ParaView?

Juzi usiku kijana mmoja ninayemsaidia kwenye hesabu zake za mtiririko wa maji alinitumia picha ya skrini. Kwenye kompyuta yake ya Ubuntu (mfumo wa Linux), ParaView inafunguka bila shida na kuonyesha mabomba yake kwa rangi zote. Python, lugha ya kuandikia programu, nayo ipo, tena toleo la 3.12. Ila akiandika `import paraview` anajibiwa hivi: `ModuleNotFoundError: No module named 'paraview'`, yaani hakuna moduli (fungu la msimbo la kuazima) yenye jina hilo. Chini ya picha akaandika, "Kaka, vyote viwili vipo. Sasa inatafuta nini tena?"

Alikuwa ameshafuta na kusakinisha upya mara mbili. Hata angefanya hivyo mara kumi, jibu lingekuwa lilelile.

ParaView, kwa asiyeijua, ni programu ya kugeuza namba za kisayansi kuwa picha: joto, mgandamizo, kasi ya upepo au ya maji. Kampuni ya Kitware na maabara ya Los Alamos za Marekani zilianza kuitengeneza mwaka 2000, na toleo la kwanza likatoka Oktoba 2002. Ukiwa na faili moja, kipanya kinatosha. Unaifungua, unaikata katikati, unaipaka rangi, unahifadhi picha. Kijana wangu ana faili 240, kila moja ni jaribio lake, kipenyo cha bomba kikibadilika kidogo. Kwa kubofya ni kazi ya wiki nzima, na ukifika faili ya 90 mkono umechoka, unakata bomba mahali pasipofaa. Skripti ya mistari 15 inaimaliza kazi hiyo huku unakunywa chai.

Sasa tuingie ndani. ParaView imejengwa juu ya maktaba (mkusanyiko wa msimbo ulio tayari kutumika) iitwayo VTK, iliyoanza kuandikwa mwaka 1993 na Will Schroeder, Ken Martin na Bill Lorensen walipokuwa General Electric. VTK imeandikwa kwa C++, lugha ambayo hukompailiwa kwanza ikawa amri tupu za prosesa. Python haiendi hivyo, yenyewe hufasiriwa palepale inapoendeshwa. Ili mstari wako wa Python uifikie kazi iliyoandikwa kwa C++, lazima pawe na mkalimani katikati. VTK ina klasi (mafungu ya msimbo, kila moja na kazi yake) zaidi ya elfu moja, na hakuna mwenye subira ya kuandika mkalimani wa kila moja kwa mkono. Kwa hiyo ndani ya VTK kuna programu ndogo inayosoma faili za C++, inaona kila klasi inapokea nini na kurudisha nini, kisha inaandika yenyewe msimbo wa kuziunganisha na Python. Mimi huona hiyo ndiyo sehemu ya werevu kuliko zote katika mradi huu, ila haisifiwi kwa sababu haionekani kwenye picha.

Mkalimani huyo naye hukompailiwa, na balaa linaanzia hapo.

Python yenyewe imeandikwa kwa C. Kila kitu unachokiunda ndani yake, iwe namba, neno au orodha, ni kipande cha kumbukumbu chenye mpangilio wake. Kwa kawaida, kwenye kompyuta ya biti 64, baiti 8 za mwanzo huhesabu ni wangapi wanaokitumia, 8 zinazofuata huonyesha ni kitu cha aina gani, na kuendelea. Msimbo uliokompailiwa hauulizi jina la kitu. Unaambiwa "nenda baiti ya 16, soma kilichopo," nao unakwenda. Shida ni kwamba kila Oktoba Python hutoa toleo jipya, na toleo jipya lina ruhusa ya kuhamisha samani. Toleo la 3.12, kwa mfano, lilibadilisha namna namba nzima zinavyohifadhiwa ndani. Mkalimani aliyekompailiwa kwa ajili ya 3.9 akiingizwa kwenye 3.12 atafika baiti ileile aliyoizoea na kukuta kitu kingine. Fundi gari anaijua hali hii: nati na bolti ukubwa mmoja, uzi tofauti. Ukilazimisha, unaua zote mbili.

Ndiyo maana Kitware, wanapotoa ParaView iliyo tayari kutumika, hutia ndani yake Python nzima ya kwao, ileile waliyomkompailia mkalimani. Kijana wangu hakuwa na Python moja kwenye kompyuta yake, alikuwa nazo mbili. Hata namba ya toleo haikufichwa. Nilimwambia atazame jina la faili aliyoipakua: `ParaView-5.11.0-MPI-Linux-Python3.9-x86_64.tar.gz`. Python3.9, imeandikwa pale. Toleo la 5.12 linakuja na 3.10. Ukitaka uhakika zaidi, fungua Python Shell iliyomo ndani ya ParaView kwenyewe, andika `import sys` kisha `print(sys.version)`.

Kwa hiyo hilo kosa lake lina tabaka mbili. La juu ni kwamba Python ya 3.12 hutafuta moduli kwenye folda zake tu, na folda ya ParaView haimo. Watu wengi wanalitibu hilo kwa kuielekeza `PYTHONPATH`, orodha ya folda za ziada ambazo Python huzitazama, kwenye `lib/python3.9/site-packages`, na kweli, ujumbe wa kwanza unatoweka. Halafu wanakutana na tabaka la pili: `undefined symbol`, au programu inaanguka na maneno mawili tu, `Segmentation fault`. Huo ndio uzi wa nati uliokataa.

Njia iliyonyooka ni kutoiita Python yako kabisa. Ndani ya folda `bin` ya ParaView kuna programu ndogo inaitwa `pvpython`. Hiyo ni Python yao, na njia zote za moduli inazijua. Ijaribu na kitu kidogo kwanza:

```
from paraview.simple import *
Sphere()
Show()
Render()
SaveScreenshot('tufe.png')
```

Hifadhi kama `tufe.py`, andika `./bin/pvpython tufe.py`, na picha ya tufe itajitokeza kwenye folda. Ikitoka, mkalimani yuko kazini.

Amri za kazi halisi huna haja ya kuzikariri. Kwenye menyu ya Tools kuna Start Trace: ibofye, fanya kazi yako kwa kipanya kama siku zote, kisha bofya Stop Trace. ParaView inakumwagia skripti ya kila ulichokifanya. Ina maneno mengi mno, kila kamera na kila pikseli imetajwa, kwa hiyo punguza. Kisha weka kitanzi cha `for` kuzunguka kilichobaki.

Kama lazima utumie Python yako mwenyewe, labda kwa sababu una maktaba nyingine unazozihitaji, hakikisha mkalimani amekompailiwa kwa ajili yake. Ubuntu ina pakiti `python3-paraview` inayoendana na Python ya mfumo. Conda, kisakinishi cha maktaba, nayo huleta ParaView kutoka ghala la conda-forge ikiwa imelingana na mazingira yako. Wanaojijengea kutoka kwenye msimbo wa chanzo wakumbuke kuwasha `PARAVIEW_USE_PYTHON`, kwani huja imezimwa, na wawe na `python3-dev`. Bila hiyo ujenzi hauna faili iitwayo `Python.h`, kwa hiyo haufiki mbali.

Wa Windows wana mtego wao wa ziada. Tangu Python 3.8, faili za DLL (maktaba zilizokompailiwa za Windows) ambazo moduli inazihitaji hazitafutwi tena kupitia `PATH`, orodha ya folda ambamo Windows hutafuta programu. Ndiyo maana maelekezo ya zamani yanayosema "ongeza folda ya bin kwenye PATH" yanaishia kwenye `DLL load failed`. Na kwenye seva isiyo na skrini, kwa matoleo kama 5.11, chukua faili yenye neno `osmesa` au `egl` katika jina lake, kwa sababu hiyo huchora bila kuhitaji dirisha.

Kijana aliendesha `pvpython` usiku uleule. Saa sita na nusu nikapokea ujumbe: picha 240 zimetoka. Dakika tano baadaye ukaja mwingine: "Kaka, mbona bomba jembamba na nene yote yana wekundu uleule, na kasi ni tofauti?" Skripti yake ilikuwa inapanga rangi upya kwa kila faili, kiasi kwamba kasi kubwa ya kila bomba inapakwa nyekundu hata kama ni robo ya kasi ya jirani yake. Nikamtumia mstari mmoja wa kuongeza ndani ya kitanzi, kabla ya kuhifadhi picha:

```
GetColorTransferFunction('U').RescaleTransferFunction(0.0, 3.5)
```

`U` ndilo jina la kasi ndani ya faili zake, na 3.5 ndiyo kasi kubwa kuliko zote katika majaribio yake, mita kwa sekunde. Aliianzisha tena, akaenda kulala.