Swali la Bi Mkubwa wa Kisauni: Namna ya Kumhoji Waziri Kuhusu Fedha za Umma

Katika baraza moja la bajeti upande wa Kisauni, Mombasa, bi mkubwa mmoja alisimama, akavuta mtandio wake begani, akasema: "Wanangu, kila mwaka twasikia mabilioni. Mbona mfereji wangu u mkavu?" Ukumbi mzima ukampigia makofi. Afisa wa kaunti akajibu kwamba maji ya Mombasa hutoka nje ya kaunti, kwa hiyo iulizwe serikali kuu. Afisa wa serikali kuu akasema mabomba ya mtaani ni ya kaunti. Diwani akaahidi kulifikisha suala hilo bungeni. Bi mkubwa akaketi bila jibu, na lililoniuma ni kwamba wote watatu walikuwa wamesema kweli.

Kazi yangu katika taasisi yetu ni kusoma hesabu za serikali na kuwafundisha wananchi kuzisoma. Tangu siku ile nimekuwa nikilitumia swali la bi mkubwa kila ninapofundisha, kwa sababu linaonyesha wazi mahali ambapo maswali mengi mazuri hufia. Swali lake lilikuwa la haki kabisa, ila halikuwa na anwani, wala halikuomba kitu ambacho mtu angeweza kukileta mezani.

Anayeulizwa ni nani, na anaulizwa na nani

Kabla ya Katiba ya Kenya ya 2010, waziri alikuwa mbunge. Alikaa humo humo ndani ya Bunge, na swali likiulizwa aliinuka na kujibu. Katiba mpya ilimtoa: waziri wa leo hawezi kuwa mbunge, lakini Ibara ya 153 inamlazimu kufika mbele ya kamati ya Bunge la Kitaifa au ya Seneti (baraza la Bunge linalowakilisha kaunti) anapoitwa, na kujibu swali lolote kuhusu kazi aliyopewa. Kwa miaka mingi mahojiano yakawa ya vyumba vya kamati tu. Kisha kanuni zikarekebishwa, na tangu 2023 mawaziri wameanza tena kusimama mbele ya kikao kizima.

Wananchi wengi hupenda kikao kizima kwa sababu huonyeshwa kwenye runinga. Mimi naipa kamati uzito zaidi. Ibara ya 125 inazipa kamati za Bunge mamlaka sawa na ya Mahakama Kuu ya kumwita shahidi, kumwapisha na kumlazimisha kuleta stakabadhi. Mbele ya kikao kizima waziri ana dakika chache na maneno yake. Katika kamati anaweza kuambiwa arudi wiki ijayo akiwa na mkataba, vocha za malipo na hati ya mhandisi inayothibitisha kazi ilifanyika.

Kwetu Mombasa mpangilio ni huo huo kwa kiwango cha kaunti. Tuna wadi 30, kila moja na diwani wake wa kuchaguliwa, na wapo madiwani wa kuteuliwa. Mawaziri wa kaunti huteuliwa na gavana na kuidhinishwa na Bunge la Kaunti. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inasema kamati ya Bunge la Kaunti inaweza kumtaka waziri wa kaunti afike na kujibu maswali, na Ibara ya 195 ya Katiba inalipa bunge hilo mamlaka yale yale ya Mahakama Kuu ya kuita mashahidi. Kwa hiyo diwani akikwambia hana uwezo wa kumlazimisha waziri alete karatasi, mwambie kwa heshima kwamba uwezo huo anao, na ibara yake mtajie.

Juu ya kaunti ipo Seneti, ambayo humwita gavana mwenyewe. Magavana walipinga jambo hilo mahakamani kwa miaka, na mwaka 2022 Mahakama ya Juu ikakubali kwamba Seneti ina haki ya kuwahoji. Gavana wetu wa sasa, Abdulswamad Shariff Nassir, anaijua meza hiyo pande zote mbili: alipokuwa mbunge wa Mvita aliongoza Kamati ya Uwekezaji wa Umma, iliyohoji wakuu wa mashirika ya serikali.

Maji yana milango miwili

Turudi kwenye mfereji wa bi mkubwa. Mombasa ni kisiwa na viunga vyake, na karibu maji yote matamu ya bomba tunayokunywa hutoka kwa majirani: chemchemi za Mzima kule Taita Taveta, visima vya Baricho katika Kilifi, na Marere na Tiwi upande wa Kwale. Kuyaleta maji hayo kwa wingi hadi Mombasa ni kazi ya shirika la serikali kuu la maji ukanda wa Pwani. Kuyagawa mitaani, kusoma mita na kuziba bomba lililopasuka ni kazi ya MOWASCO, kampuni ya maji ya kaunti.

Hapo kuna maswali mawili, na waulizaji wawili. Mbunge wa Kisauni anapaswa kumuuliza Waziri wa Maji kule Nairobi ni maji kiasi gani yalifikishwa Mombasa kila siku katika mwezi fulani, na ni kiasi gani yalipaswa kufika. Diwani anapaswa kumuuliza waziri wa maji wa kaunti: kati ya yaliyofika, kiasi gani kiliuzwa kwa mita, kiasi gani kilipotea njiani, na ratiba ya mgao ni ipi. Majibu hayo mawili yakiwekwa pamoja, hapana wa kumtupia mwenzake lawama. Likiulizwa moja tu, bi mkubwa ataendelea kununua mitungi ya mkokoteni.

Feri ni ngumu zaidi. Jedwali la Nne la Katiba linataja feri na bandari katika orodha ya kazi za kaunti, isipokuwa udhibiti wa usafiri wa meli wa kitaifa na kimataifa. Lakini feri za Likoni zinaendeshwa na Mamlaka ya Bandari ya Kenya, ambayo ni ya serikali kuu. Diwani akiuliza ataambiwa bajeti haiko kwa kaunti, kwa hiyo swali la feri lazima lianzie kwa mbunge na seneta. Sisi tunaokumbuka MV Mtongwe, iliyozama tarehe 29 Aprili 1994 na kuwaua watu 272, tunajua kwamba fedha za matengenezo ya feri ni suala la uhai. Kila mwaka wa fedha swali hilo lifaa kuulizwa hata kama hakuna ajali.

Mambo mengine nitayapitia haraka. Hospitali, zahanati, chekechea, taka, taa za barabarani na maegesho: kaunti. Shule za msingi na za upili, polisi, barabara kuu: serikali kuu. Kwa barabara za mtaani, uliza kwanza ni ya nani, kwa sababu mbili zinazopakana zaweza kuwa na wenyewe tofauti.

Tarakimu nne

Hapa ndipo naomba msomaji atulie nami, maana hapa ndipo watu hupotezwa.

Fedha za mradi zina hatua nne, na kila hatua ina tarakimu yake. Kwanza hutengwa katika bajeti. Pili hutolewa kutoka Mfuko wa Mapato ya Kaunti, na hazitoki bila idhini ya Mdhibiti wa Bajeti. Tatu hutumika. Nne, kuna kinachobaki kudaiwa na mwanakandarasi. Swali linalotaja moja tu kati ya hizi humpa waziri nafasi ya kuchagua ile inayompendeza.

Tuseme, kwa mfano tu, shilingi milioni 100 zilitengwa kwa mabomba ya mtaa fulani. Zikatolewa milioni 40, zikatumika 38. Waziri anaweza kusimama na kusema, "Tumetumia asilimia 95 ya fedha." Hajasema uongo, kwa maana 38 kati ya 40 ni asilimia 95. Lakini katika zile 100 mlizoahidiwa ni asilimia 38. Sasa tuseme mwanakandarasi amefanya kazi ya milioni 60. Milioni 22 ni deni, na deni hilo litaingia katika bajeti ya mwaka unaofuata. Mwaka ujao mkitengewa tena milioni 100, 22 zimekwisha liwa kabla chepe halijagusa mchanga. Nimewaona madiwani wenye bidii wakipiga makofi kwa lile jibu la asilimia 95, kwa sababu tu hawakuuliza "95 ya nini?"

Vivyo hivyo na "mradi umekamilika kwa asilimia 80". Ni asilimia 80 ya ukuta au ya malipo? Malipo yakiwa asilimia 80 na ukuta uko kwenye msingi, hapo pana jambo kubwa la kuulizwa.

Jibu jingine la kawaida ni kwamba Nairobi haijatuma fedha. Mara nyingi huwa kweli, kwa kuwa mgao wa kaunti huchelewa. Lakini ni jibu linaloweza kupimwa: ripoti za Mdhibiti wa Bajeti zinaonyesha kila kaunti ilipokea kiasi gani na ikatumia kiasi gani. Ripoti hizo ni za umma. Mwakilishi asiingie kikaoni bila kuisoma.

Mkaguzi na saa yake

Mwaka wa fedha huisha tarehe 30 Juni. Ibara ya 229 inampa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu miezi sita kukagua na kutoa ripoti, kisha inalipa Bunge au Bunge la Kaunti miezi mitatu kuijadili na kuchukua hatua. Yaani fedha za mwaka ulioisha Juni zinapaswa kuwa zimehojiwa na kumalizwa ifikapo mwisho wa Machi.

Muda huo ukipitwa, gharama yake ni kubwa. Afisa aliyetia sahihi amehamishwa, waziri amebadilishwa, mwanakandarasi amefunga ofisi. Anayekuja mbele ya kamati anasema, bila kosa lake, "Nilikuta hivyo." Ndiyo maana nasema swali la kwanza ambalo mkazi wa Mombasa anapaswa kumuuliza diwani wake ni hili: ripoti ya ukaguzi ya mwaka uliopita imejadiliwa, na ni hatua gani ilichukuliwa juu ya kila hoja?

Ukiisoma ripoti, tafuta maneno "matumizi yasiyo na stakabadhi". Hayamaanishi lazima kwamba fedha zimeibwa. Yanamaanisha mkaguzi aliomba ushahidi na hakupewa. Kazi ya kamati ni kuutaka ushahidi huo, na kutoa tarehe ya mwisho.

Na waziri asipojibu, au akijibu vibaya? Bunge la Kitaifa linaweza kuanzisha hoja ya kumwondoa waziri kwa kuungwa mkono na robo ya wabunge. Mwezi Mei 2024 hoja ya namna hiyo ililetwa dhidi ya Mithika Linturi, wakati huo Waziri wa Kilimo, kuhusu mbolea ghushi. Wabunge wengi waliiunga mkono, lakini kamati ya watu 11 ikamwondolea lawama kwa kura 7 dhidi ya 4. Wengine walivunjika moyo. Hata hivyo, mahojiano yale yaliacha maelezo ya kiapo na nyaraka kwenye kumbukumbu rasmi, na hizo hazifutwi na kura. Kwa waziri wa kaunti, hoja huanzishwa na theluthi moja ya madiwani.

Barua ya bi mkubwa

Mwananchi hana haja ya kungoja kikao. Ibara ya 119 inampa haki ya kupeleka maombi Bungeni, na Sheria ya Serikali za Kaunti inampa haki hiyo mbele ya Bunge la Kaunti. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ndani ya siku 21, au saa 48 ikiwa habari inahusu uhai au uhuru wa mtu. Maombi ya habari yanaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Sheria yenyewe imesema hivyo. Nalisisitiza hili kwa sababu nimekutana na wazee wengi wenye hoja nzito wanaonyamaza kwa kudhani serikali husikia Kiingereza pekee. Bungeni pia, Kiswahili ni lugha rasmi kwa mujibu wa Ibara ya 120.

Baada ya baraza lile tulikaa na bi mkubwa tukaliandika swali lake upya, barua mbili, moja kwa kaunti na moja kwa serikali kuu. Ile ya kaunti iliomba tarakimu nne za mabomba ya mtaa wake kwa mwaka wa fedha uliopita, jina la mradi kama lilivyo katika kitabu cha bajeti, na nakala ya mkataba. Nikamsomea. Akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Tia na hili, mwanangu: maji hufunguliwa mtaani kwetu siku gani na saa ngapi? Hilo naweza kulihakiki mwenyewe, sihitaji mkaguzi."

Nikaliandika likawa la kwanza. Akatia sahihi, akauliza zile siku 21 zaanza kuhesabiwa lini. Nikamweleza kwamba ni tangu ofisi inapoipokea barua.

"Basi nipigie nakala ya pili," akasema, "waigonge muhuri na tarehe, nirudi nayo nyumbani."