Madoa tu? Njoo uyapake basi

Kazi yangu ni kunakili kwa mkono picha za wachoraji maarufu. Jumamosi mteja alinitumia picha anayotaka nimnakilie, kwa WhatsApp: jabali, bahari, wanawake wawili wamesimama kwenye upepo, mmoja kashika mwavuli. Chini yake kaandika: "Kaka, hii naona ni madoa madoa tu. Jumanne nipitie?"

Jumanne! Angeniletea sura ya mfalme fulani aliyevaa manyoya na vito, angenipa miezi miwili bila kuulizwa. Lakini hapa brashi inaonekana, kwa hiyo kwake ni kazi ya chapchap. Nimeshachoka kueleza kwa sauti za WhatsApp kwa nini madoa haya hayaishi kwa siku tatu, kwa hiyo leo naliandika, na wa kesho nitamtumia linki.

Picha yenyewe ni ya mchoraji Mfaransa Claude Monet, ile ya matembezi juu ya genge la Pourville, pwani ya Normandy kule Ufaransa, ya 1882, na iko kwenye makumbusho ya Art Institute of Chicago, Marekani. (Genge la mwamba, si la nyanya na vitunguu.) Ina sentimita 66.5 kwa 82.3. Mimi huinakili kwa 60 kwa 74, nayo ni makusudi: makumbusho yanayoruhusu wanakili kukaa mbele ya picha kwa kawaida hudai ukubwa tofauti ili nakala isije ikauzwa kama yenyewe. Nyuma naandika jina langu kwa herufi kubwa. Monet alifariki 1926, hakimiliki imekwisha, kwa hiyo wanaoniuliza kama huu ni wizi watulie. Wizi ni kughushi saini.

Sasa, imani yenyewe ni kwamba Waimpreshonisti (kundi la Monet na wenzake, waliopaka mwanga kwa brashi inayoonekana) walikaa nje, wakapiga brashi saa moja, wakakunja stendi wakaenda kula. Monet naye aliichochea. Mwandishi wa habari alipotaka kuona studio yake, alisema hajawahi kuwa nayo, akamwonyesha mto Seine. Maneno matamu sana ya biashara. Turubai zake za pwani ya Normandy alizibeba hadi nyumbani akaendelea kuzishughulikia huko, ndani, chini ya paa.

Halafu kuna eksirei. Picha hii ya Pourville ilipopigwa eksirei ilionekana kwamba mwamba wa upande wa kulia ulikuwa mkubwa zaidi, Monet akaupunguza ili bahari na anga vipate uwiano. Mtu anayepaka madoa kwa pupa hapunguzi mwamba. Alipaka, akarudi nyuma, akatazama, akaona haikai sawa, akafunika. Nakala nyingi ninazoziona mtandaoni huharibikia hapohapo kulia, kwa sababu mnakili ameiona kona ile kama mahali pa kumalizia rangi iliyobaki kwenye paleti.

Mwaka wa 1885 mwandishi Mfaransa Guy de Maupassant alimwona Monet kule Étretat, kilomita nyingi magharibi ya Pourville lakini pwani ileile ya magenge meupe. Alimkuta akitembea na watoto waliombebea turubai tano au sita, zote za mahali pamoja kwa nyakati tofauti. Jua likigeuka anaweka hii chini, anachukua ile. Wingu likija, anabadilisha tena. Hebu piga hesabu: kama kila turubai inapata kipande cha mwanga kwa siku, na kesho kutwa ni mvua, rangi ya juzi itakuwa katika hali gani atakapoirudia? Imeshaanza kukauka. Na hapo ndipo kuna jambo ambalo wateja, na hata wachoraji wenzangu kadhaa, hawataki kulisikia.

Tunafundishwa kwamba mtindo huu ni mbichi juu ya mbichi, yaani rangi ya juu hupakwa ya chini ikiwa haijakauka. Ukiangalia kwa karibu, sehemu kubwa ni mbichi juu ya kavu. Koti la chini limepakwa zito, likaachwa na mbavu zake (matuta yanayoachwa na brashi), likakauka. Kisha rangi nyingine, nyepesi na kavukavu, imeburutwa juu yake. Brashi inashika vichwa vya zile mbavu tu, mabondeni rangi ya chini inabaki. Ukisimama mbali unaona mpako mmoja wa ujasiri wenye rangi tatu ndani yake. Si mmoja. Ni siku mbili au tatu zimelaliana. Wewe ukichukua zile rangi tatu zote mbichi ukazipiga kwa mkupuo, utapata rangi ya uji wa ulezi. Nimeupika huo uji mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Utajuaje ipi ni ipi? Ikuze picha mpaka ujione mjinga (makumbusho ya Chicago yanatoa faili kubwa bure). Kama rangi ya chini imevutwa ikafuata njia ya brashi na kuacha mkia, mbili hizo zilikuwa mbichi pamoja. Kama rangi ya juu imekatikakatika na chini hapajasogea, chini palikuwa pakavu. Sisemi hakupaka mbichi juu ya mbichi kabisa. Alipaka, tena sana. Ninachokataa ni kuifanya mbinu moja kuwa dini, kisha dini hiyo itumike kunipangia Jumanne.

Vifaa nitavipitia haraka. Turubai yenye praima (koti la kuandalia turubai) ya kijivu hafifu au rangi ya maziwa yaliyopoa, si nyeupe ya karatasi. Brashi bapa za nywele ngumu. Gridi ya mkaa kwa mistari mikuu: ukingo wa genge, upeo wa bahari, miguu ya wale wanawake. Basi. Anayetumia projekta atumie, haitamsaidia kwenye nyasi.

Kuhusu rangi, mwaka 1905 Monet aliandika orodha yake: nyeupe ya risasi, njano ya kadimiamu, nyekundu ya vamilioni, nyekundu ya madda iliyokolea, buluu ya kobalti, kijani ya viridiani. Nyeusi haimo. Picha hii ni ya miaka zaidi ya 20 kabla ya hapo, kwa hiyo siifanyi orodha hiyo kuwa sheria, lakini inanizuia kufanya kosa la kwanza la kila mwanafunzi: kupaka kivuli cha jabali kwa nyeupe na nyeusi. Magenge yale ni ya chaki, yana misitari ya mawe ya gumegume, na mtu akisikia chaki anafungua tyubu ya nyeupe. Angalia tena. Upande wa jua una upichi na unjano, kivulini kuna zambarau na buluu, na nyasi za juu zinarudisha ukijani wao chini. Nyeupe tupu ni chache mno. Ukiimwaga mapema, huna pa kwenda unapofika kwenye mawingu na matanga.

Kuna mambo mawili sijayatatua. Monet alitumia nyeupe ya risasi, ambayo ni sumu, nami nina watoto nyumbani, kwa hiyo natumia ya titani. Titani ni baridi zaidi na inameza rangi nyingine. Naipasha kwa chembe ya njano, na bado najua ninadanganya kidogo. Jambo la pili ni la aibu zaidi. Nimekulia mbele ya Bahari ya Hindi, na mkono wangu ukiachwa peke yake unapaka bahari ya kwetu. Kijani inazidi kung'aa, buluu inazidi kushiba. Bahari iliyo kati ya Ufaransa na Uingereza ina umaziwa fulani karibu na magenge, ile chaki imeingia majini. Kila nakala nalazimika kufuta mawimbi kwa kitambaa na kuanza upya, mara mbili au tatu.

Na kufuta kwenyewe kuna adhabu yake. Mpako ukiuiga polepole, kwa kuogopa, unatoka na umbo sahihi lakini umekufa. Ukiupiga kwa kasi una uhai lakini umeenda pengine. Njia yangu ni kuufanyia mazoezi kwenye kipande cha kadibodi mara kumi, kisha kuupiga mara moja bila kuangalia picha asilia. Wapo wanaosema hapo siyo nakala tena. Siku nyingine nakubaliana nao.

Kwa wale ambao bado wanadhani ilikuwa kazi ya raha: Novemba 1885, chini ya tao la Manneporte pale Étretat, Monet alikosea hesabu ya maji kujaa. Wimbi likamkumba likamtupa kwenye jabali, likaondoka na turubai na stendi, paleti ikamgonga usoni na ndevu zikajaa rangi. Kilichomuuma ni picha aliyokuwa akiifanyia kazi.

Nilimwandikia mteja haya yote, kwa ufupi. Nikamwambia wiki sita: anga na bahari koti la kwanza, subiri, jabali, subiri, nyasi zilizopanda juu ya bahari, subiri, wanawake mwisho. Vanishi simpi, kwa sababu uso wa picha hizi haukutakiwa ung'ae kama meza ya sebuleni.

Alisoma. Tiki mbili zikawa buluu. Baada ya dakika kumi akajibu:

"Sawa kaka nimekuelewa. Kwa hiyo Ijumaa?"