Rabi wa kike: maana ya semikha na njia aliyopita Regina Jonas

Neno rabi msomaji wa Kiswahili hulikuta mapema katika Injili ya Yohana, pale wanafunzi wawili wanapomwita Yesu "Rabi", na mwandishi anaeleza papo hapo kwamba maana yake ni mwalimu. Maelezo hayo mafupi yanatosha kuondoa kosa linalorudiwa sana: rabi si kuhani. Ukuhani wa Kiyahudi ni wa ukoo, hurithiwa na wazao wa Haruni kwa upande wa baba, na kazi yake ya kutoa kafara ilikoma Warumi walipolibomoa Hekalu la Yerusalemu mwaka 70. Urabi haurithiwi. Mtu huupata kwa kusoma, kisha kwa kuthibitishwa na waliosoma kabla yake.

Uthibitisho huo ndio semikha. Kwa Kiebrania neno hili lina maana ya kuegemeza mikono, na chimbuko lake ni Hesabu 27, Musa alipomwekea Yoshua mikono mbele ya mkutano. Mlolongo ule wa kale, mwalimu kumwekea mwanafunzi na mwanafunzi kumwekea wa kwake, ulikatika katika karne za mwanzo baada ya Kristo, Wayahudi wakiwa chini ya utawala wa Warumi. Semikha ya leo imebaki na jina la ile ya kale, lakini yenyewe ni maandishi. Anayeijua ijaza ya wanachuoni wa Kiislamu ataielewa upesi kuliko anayeilinganisha na upadrisho: mwalimu anamtahini mwanafunzi, na akiridhika anaandika kwamba huyu sasa anaweza kujibu maswali ya sheria mwenyewe. Kiwango cha kawaida huitwa "yore yore", nacho humruhusu mtu kujibu maswali ya halakha, yaani sheria ya dini, kuhusu chakula cha kosha (kinachoruhusiwa kuliwa), Sabato, ibada na mambo ya nyumbani. Kiwango cha juu zaidi, "yadin yadin", humruhusu kuhukumu kesi za mali na madai.

Kwa hiyo anayetaka kuwa rabi anahitaji vitu vitatu, na ni vizuri kuvitenganisha: elimu, cheti na kiti. Elimu hutoka chuoni au kwa mwalimu. Cheti ndiyo semikha. Kiti ni jumuiya ya waumini inayomwajiri, inayompa mimbari na kumletea maswali yake. Historia ya marabi wanawake haieleweki vitu hivi vikichanganywa. Asenath Barzani wa Kurdistan, katika karne ya 17, alifundishwa na baba yake, na mumewe alipofariki akaongoza chuo cha Talmudi, mkusanyo mkuu wa kale wa mijadala ya sheria ya Kiyahudi, mjini Mosul. Alikuwa na elimu na kiti, cheti hakuwa nacho. Paula Ackerman wa Meridian, Mississippi, aliombwa mwaka 1951 kushika nafasi ya mumewe rabi aliyefariki, akaongoza sinagogi lile hadi 1953 bila semikha. Mwanamke wa kwanza anayejulikana kupewa semikha rasmi ni Regina Jonas wa Berlin, na kwake mambo yalikwenda kinyume: elimu na cheti alivipata, kiti alinyimwa karibu chote.

Alizaliwa tarehe 3 Agosti 1902 katika Scheunenviertel, mtaa wa Wayahudi maskini mjini Berlin. Baba yake, mchuuzi, alifariki Regina akiwa bado msichana mdogo. Rabi Max Weyl wa sinagogi la Rykestrasse, mtu wa msimamo wa Kiorthodoksi, yaani mkondo wa Kiyahudi unaoishika sheria kwa ukali, ndiye aliyemlea kielimu, akaendelea kusoma naye kwa miaka mingi. Jonas hakuwa mwanamapinduzi aliyetaka kuitupa sheria. Aliishika Sabato, alikula kosha, na alitaka ushahidi wa hoja yake utoke ndani ya vitabu vilevile walivyovitumia wapinzani wake.

Mwaka 1924 aliingia Hochschule für die Wissenschaft des Judentums, chuo cha elimu ya Uyahudi cha mkondo wa kiliberali, ulio tayari kubadili mapokeo, kilichofunguliwa Berlin mwaka 1872. Wanawake walikuwepo chuoni, lakini wakilenga ualimu wa dini mashuleni. Jonas alilenga urabi. Mwaka 1930 aliwasilisha tasnifu yake kwa profesa wa Talmudi, Eduard Baneth, chini ya swali lisilozunguka: je, mwanamke anaweza kushika wadhifa wa rabi? Alipewa alama ya "nzuri".

Ili kuona uzito wa swali hilo, chukua kazi za rabi moja moja uitazame kila moja kwa jicho la halakha. Rabi hujibu maswali ya sheria: hapa kinachotakiwa ni elimu. Hufundisha na kuhubiri: pia elimu. Hufungisha ndoa, na wengi hudhani hapo pana kizuizi, lakini ndoa ya Kiyahudi inafungwa kwa bwana harusi kumpa bibi harusi kitu chenye thamani, kwa kawaida pete, mbele ya mashahidi wawili, pamoja na hati ya ndoa iitwayo ketuba. Rabi husimamia isiharibike. Sheria inawahitaji mashahidi, na rabi halazimiki kuwa mmoja wao. Vizuizi halisi viko kwingine: kuhesabiwa katika minyani, yaani watu kumi wanaohitajika kwa sala ya jamaa, kuwaongoza wengine katika sala ambazo mwanamke hakulazimishwa kuzisali kwa saa maalumu, na kutoa ushahidi. Kusoma Torati hadharani ni mfano unaofundisha zaidi. Talmudi, katika Megila 23a, yasema kwanza kwamba mwanamke anaweza kuwa miongoni mwa wasomaji saba wa Sabato, ndipo inaongeza kwamba wahenga walimzuia kwa ajili ya heshima ya kusanyiko. Maana yake, kizuizi chenyewe hakikutokana na uwezo wake wala na amri ya Torati, kilitokana na namna watu wa wakati ule walivyoona heshima. Tena, hakuna hata moja kati ya kazi hizo zilizozuiwa inayomfanya mtu kuwa rabi. Mwanamume yeyote anayejua sala anaweza kuiongoza, na kwa kawaida kuna hazani wa kazi hiyo.

Penye ugumu zaidi ni maneno ya Maimonides, mwanasheria wa karne ya 12, katika sheria za wafalme: hasimikwi mwanamke kuwa mfalme, na hivyohivyo nyadhifa zote za Israeli. Anayeyachukua maneno hayo kwa upana wake huuona urabi kuwa wadhifa wa mamlaka, hivyo umefungwa. Anayejibu husema rabi wa leo hasimikwi juu ya watu. Anachaguliwa na kuajiriwa nao, na wakimchoka mkataba unakwisha.

Jonas alipitia Biblia, Talmudi na majibu ya marabi wa baadaye, akitenganisha amri na mazoea. Alitaja wanawake waliosema na wakasikilizwa, kama Debora mwamuzi, Hulda nabii na Beruria mjuzi wa sheria katika Talmudi. Aliipa nafasi kubwa tzniut, staha, na kwa maoni yake staha haikumfukuza mwanamke mimbarini, ilimwelekeza namna ya kusimama hapo. Hata alishikilia kwamba rabi mwanamke afadhali asiolewe, jambo ambalo marabi wanawake waliomfuata hawakulikubali. Hitimisho lake lilikuwa kwamba ukiondoa chuki ya bila sababu na ugeni wa jambo, karibu hakuna kitu katika halakha kinachozuia. Lile neno "karibu" ni la mwanasheria mwaminifu, na linaipa tasnifu nguvu kuliko kama angeliacha.

Basi mambo yakakwama kwenye cheti. Baneth alifariki mwaka huohuo wa 1930. Aliyemrithi, Chanoch Albeck, hakukubali mwanamke apewe semikha. Leo Baeck, mwalimu mashuhuri wa Jonas, aliongoza chama cha marabi wa mikondo mbalimbali Ujerumani, naye hakutia saini wakati ule. Watafiti wengi wanaona alihofia mgawanyiko. Jonas alitoka chuoni na cheti cha ualimu wa dini, akafundisha wasichana mashuleni kwa miaka mitano. Tarehe 27 Desemba 1935 Rabi Max Dienemann wa Offenbach, kwa niaba ya umoja wa marabi waliberali, alimtahini kwa mdomo katika mambo ya sheria, akaandika kwamba amefaulu, kwamba anaweza kujibu maswali ya halakha na anastahili wadhifa wa rabi. Hiyo ni semikha kamili: mtahini, mtihani, maandishi.

Kuhusu cheo palikuwa na tatizo la lugha. Kwa Kijerumani "Rabbinerin", kama "rabbanit" kwa Kiebrania, kwa kawaida lilimaanisha mke wa rabi. Watu wakamwita "Fräulein Rabbiner": neno la heshima kwa mwanamke asiyeolewa, likifuatiwa na cheo cha kiume. Kiswahili kimetuepusha na shida hiyo, kwa kuwa rabi ni rabi, awe mwanamke au mwanamume.

Kiti hakikuja. Mwaka 1937 Jumuiya ya Wayahudi ya Berlin ilimwajiri, lakini kama mwalimu wa dini. Alitembelea wagonjwa hospitalini na wazee katika makao yao, alifundisha, alitoa mihadhara. Mimbari ya sinagogi kubwa hakupewa. Mlango ulifunguka kidogo kwa sababu mbaya. Baada ya mashambulizi ya Wanazi dhidi ya Wayahudi ya Novemba 1938, masinagogi yalipochomwa moto, marabi wengi walifungwa au walikimbilia nje, na jumuiya nyingi zikabaki bila mtu wa kuzihudumia. Jonas alitumwa kwenye miji kadhaa kuhubiri na kufariji waliobaki. Baadaye alilazimishwa kufanya kazi kiwandani. Mnamo Februari 1942 Baeck alithibitisha kwa saini yake ile semikha ya miaka sita nyuma.

Tarehe 6 Novemba 1942 alisafirishwa kwa nguvu pamoja na mama yake hadi geto la Theresienstadt. Huko alifanya kazi katika kitengo cha afya ya akili cha daktari Viktor Frankl: kuwapokea waliokuwa wakiteremka kwenye treni, wazee wengi wao, waliodhani wanapelekwa mahali pa kupumzika, na kuwasaidia wasivunjike moyo walipoona mahali penyewe. Alihubiri na kufundisha. Imebaki orodha ya mihadhara yake, vichwa 24, vikihusu wanawake katika Biblia na Talmudi, sikukuu, maadili na misingi ya imani, na juu yake yametajwa maneno "rabi pekee wa kike". Pale hatimaye watu walimletea maswali kama rabi wao. Tarehe 12 Oktoba 1944 yeye na mama yake walipelekwa kambi ya mauaji ya Auschwitz, wakauawa. Alikuwa na umri wa miaka 42.

Kabla ya kuchukuliwa Berlin alikuwa ameacha karatasi zake kwa jumuiya: tasnifu, cheti, barua na picha. Baada ya vita zilikaa katika hifadhi ya nyaraka Ujerumani Mashariki. Baeck na Frankl walinusurika, lakini hawakulitangaza jina lake. Mwaka 1991, ukuta wa Berlin ukiwa umeanguka, mtafiti Katharina von Kellenbach alizifungua. Ndiyo maana Sally Priesand alipopewa semikha tarehe 3 Juni 1972 mjini Cincinnati, na Hebrew Union College ya mkondo wa Reform, wengi walimtaja kuwa wa kwanza duniani. Usahihi ni kwamba alikuwa wa kwanza Marekani na wa kwanza kutoka chuo cha marabi.

Naye pia kigumu kilikuwa kiti. Alikuwa wa mwisho darasani mwake kupata kazi. Alikuwa rabi msaidizi katika Stephen Wise Free Synagogue ya New York hadi 1979, akaondoka ilipodhihirika kwamba hatarithi nafasi ya juu, na kwa muda akafanya kazi za nusu siku pamoja na huduma ya hospitali. Mwaka 1981 alichukuliwa na Monmouth Reform Temple ya New Jersey, akakaa huko hadi kustaafu 2006.

Mikondo mingine ilifuata kwa sababu zake tofauti. Warekonstraksheni walimpa Sandy Eisenberg Sasso mwaka 1974, na chuo cha Leo Baeck mjini London kikampa Jackie Tabick mwaka 1975. Wakonsavati, wanaofungwa zaidi na halakha, walibishana miaka mingi. Hoja moja iliyosaidia ni ya kisheria: mwanamke akijitwisha kwa hiari wajibu uleule wa sala alionao mwanamume, anaweza kuhesabiwa na kuongoza. Mwaka 1983 walimu wa seminari yao ya New York walipiga kura, 34 dhidi ya 8, na 1985 Amy Eilberg akapewa semikha. Jumuiya ya Wayahudi waitwao Abayudaya karibu na Mbale, Uganda, inafungamana na mkondo huohuo. Rabi wao Gershom Sizomu alipata semikha Los Angeles mwaka 2008. Waorthodoksi kwa sehemu kubwa bado wanakataa, ingawa tangu 1999 kituo cha Nishmat mjini Yerusalemu kimetoa wanawake washauri wa halakha katika mambo ya usafi wa kidini ndani ya ndoa, na 2009 Sara Hurwitz wa New York alipewa cheo kipya cha maharati, yaani kiongozi wa kike katika halakha, mambo ya kiroho na Torati, kilichozua ubishi mkubwa.

Ukikutana na maneno "rabi wa kwanza wa kike", uliza ni wa mkondo gani, nchi gani, na nani alitia saini. Nchini Ujerumani kwenyewe, baada ya Jonas, saini iliyofuata ilipatikana Novemba 2010, miaka 75 baadaye, Alina Treiger, mzaliwa wa Ukraine, alipopewa semikha mjini Berlin. Kiti chake kilikuwa tayari kinamngoja, katika jumuiya ya Oldenburg.