Utapumuaje ukipasuliwa kwa matundu madogo? Dhana potofu na ukweli

Mtu akiambiwa mfuko wake wa nyongo utatolewa kwa matundu madogo, ndugu huuliza kuhusu kovu na gharama. Wachache huuliza atapumuaje.

Wengi hudhani nusu kaputi ni sindano tu, kisha unalala kama ulivyolala jana nyumbani. Sivyo. Dawa hulegeza misuli, ulimi hurudi nyuma ukaziba koo, na mara nyingi pumzi yenyewe husimama. Ndipo mtaalamu wa usingizi hupitisha mpira wa kupitishia hewa katikati ya nyuzi za sauti, au huweka kifaa laini kinachokaa juu ya zoloto (mlango wa njia ya hewa kooni) bila kuingia ndani. Hicho cha pili alikibuni daktari Mwingereza Archie Brain mwaka 1981.

Wapo wanaosema kifaa hicho hakifai kabisa kwa upasuaji huu. Hofu yao ina msingi. Tumbo hujazwa gesi ya kabonidayoksaidi, kwa kawaida kwa shinikizo la milimita 12 hadi 15 za zebaki, ili daktari aone. Gesi hiyo husukuma juu kiwambo, yaani msuli unaotenganisha kifua na tumbo, mapafu yakabanwa, na hewa ikahitaji nguvu zaidi kuingia. Vifaa vya mwanzo havikuziba vizuri, wala havikuwa na njia ya kutolea maji ya tumboni. Vya kizazi cha pili, kama ProSeal na i-gel, huziba vizuri zaidi na vina mfereji wa pili unaoelekea umioni (njia ya chakula), ambamo hupitishwa mrija wa kunyonya kilichomo tumboni. Kwa mgonjwa asiye mnene, aliyefunga, asiye na kiungulia, na mikononi mwa mzoefu, vinatumika. Hata hivyo wataalamu wengi bado hupendelea mpira, na naona wana haki. Kwa mwenye utumbo ulioziba, mwenye mimba kubwa au aliyeletwa kwa dharura akiwa ameshiba, mpira ndio salama.

Dhana inayonitia hofu kuliko zote ni ya uji. Mgonjwa wa rufaa kutoka Ukerewe anavuka ziwa kuja hospitali ya Bugando, Mwanza, na asubuhi ya upasuaji ndugu wanampa kikombe cha uji au chai ya maziwa apate nguvu, wakiamini hicho si chakula. Kwa tumbo, ni chakula. Uji na maziwa vinahitaji saa 6 kabla ya usingizi; sato wa kukaanga zaidi, maana mafuta huchelewa kutoka; maziwa ya mama 4; maji matupu au chai ya rangi 2. Kwa hiyo hata kumnyima mgonjwa maji tangu jana jioni hakuna sababu, labda daktari aagize. Yaliyomo tumboni yakipanda na kuingia mapafuni yanaweza kuua: uchunguzi wa kitaifa wa Uingereza uliotolewa 2011 ulikuta hiyo ndiyo sababu kuu ya vifo vya njia ya hewa wakati wa usingizi. Tafadhali, kama umekula au una kiungulia, sema. Upasuaji utaahirishwa, au utawekewa kifaa kingine.

Koo likiuma siku moja mbili baadaye, si kwamba "wamekuchana ndani". Mara nyingi ni mchubuko unaopona wenyewe. Bega nalo huuma kwa sababu ya gesi iliyobaki chini ya kiwambo. Ila ukishindwa kumeza, ukipata homa au pumzi ikibana, rudi hospitali siku hiyo hiyo.