Injini ya tabo kula oili: maana yake na chanzo chake

Injini ya tabo, yaani yenye kifaa kinachozungushwa na moshi wa ekzosi ili kuisukumia hewa zaidi, inakula oili pale oili inapopungua bila tone kuonekana chini ya gari. Inaungua pamoja na dizeli, na moshi wa bluu kwenye ekzosi ndio dalili yake. Kiasi kidogo ni kawaida. Wapo watengenezaji wanaokubali hata nusu lita kwa kilomita 1,000.

Mafundi wengi hukimbilia ringi za pistoni. Ni kweli ringi zikiisha, oili hupanda juu ya pistoni, hasa vumbi likipenya kwenye mpira wa hewa uliopasuka na kukwangua silinda. Sili za valvu nazo huchoka. Ila kabla ya kushusha injini, kazi ya gharama kubwa, kagua tabo kwanza.

Shafti ya tabo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ikielea kwenye oili. Sili zake ni ringi ndogo za chuma zinazosaidiwa na presha ya hewa na ya moshi kuzuia oili isitoke. Oili ikishapita kwenye beringi hurudi chini kwa uzito wake tu, hakuna pampu inayoivuta. Basi bomba la kuirudisha likiziba au likipindwa, oili hujaa ndani ya tabo na kutafuta njia nyingine. Kipumulio cha injini, njia ya kutolea presha iliyo ndani yake, kikiziba ni yale yale: presha ya ndani hupanda, oili inashindwa kushuka. Ukifunga tabo mpya na kuacha bomba lile lile lililoziba, nayo itavuja.

Filta ya hewa iliyojaa vumbi huifanya tabo inyonye oili yake yenyewe. Lori linalounguruma kutwa kwenye foleni ya Tunduma pia huvujisha, kwa kuwa presha ya tabo wakati huo ni ndogo mno.

Fungua mpira unaotoka kwenye tabo. Utando mwembamba wa oili usikutishe. Oili iliyotuama ni tatizo. Shika shafti: ikicheza mbele na nyuma, au mapanga ya feni yake yakigusa ganda, tabo imekwisha.

Usiiache hivyo. Oili iliyojikusanya ikivutwa kwa mkupuo, injini hupandisha mzunguko yenyewe na kuzima swichi hakuisimamishi, maana sasa inachoma oili. Kwa gari la gia za mkono, weka gia kubwa, kanyaga breki kwa nguvu zote, kisha achia klachi mpaka izime.