Nani alisema kidonda lazima kikauke?

"Sista, njoo uone, mguu wa mzee umeoza!" Ndivyo alivyonipokea binti wa mgonjwa wangu hapa Arua, siku mbili baada ya kumbandikia baba yake plasta ya haidrokoloidi, ile inayotunza unyevu wa kidonda. Alikuwa ameshaibandua. Ndani mlikuwa na ute mzito wa manjano wenye harufu, naye akaamini ni usaha. Kosa lilikuwa langu. Sikumwambia kwamba plasta hiyo ikinyonya maji ya kidonda hugeuka ute wa namna hiyo. Nilipousafisha kwa maji ya chumvi, chini yake nyama ilikuwa nyekundu, safi, wala haikutoa damu.

Kidonda chenyewe, upande wa ndani wa mguu, juu kidogo ya kifundo, kilikuwa na miaka miwili. Majirani walikwisha kukiita donda ndugu. Muda wote huo kilifungwa gozi kavu, ikabadilishwa kila asubuhi. Umewahi kuona gozi iliyoganda ikibanduliwa? Hutoka na ngozi changa iliyoota, damu ikachuruzika, mzee akauma meno. Kinachoota usiku tunakibomoa asubuhi. Na bado utasikia, kiacheni wazi kipigwe upepo.

Mwaka 1962 George Winter, mtafiti wa Uingereza, aliwatia nguruwe vidonda vidogo; vingine akavifunika kwa plastiki, vingine akaviacha wazi. Vilivyofunikwa viliota ngozi kwa kasi karibu maradufu. Seli za ngozi hutambaa penye unyevu. Penye gaga kavu hulazimika kupita chini kwa chini.

Unyevu, lakini si mafuriko. Kidonda kinachovuja sana nakiwekea alijineti, kitambaa kinyonyacho maji kitokanacho na mwani wa kahawia (si ule unaolimwa Zanzibar), au plasta ya sponji. Kikavu nakipa jeli. Ila kidole cheusi, kikavu, cha mgonjwa wa kisukari ambacho damu haikifikii, hicho usikiloweshe kamwe, mpeleke hospitali. Na kidonda kilichoanza kama uvimbe usiouma huenda ni Buruli, ugonjwa uliopewa jina la eneo la hapa hapa Uganda. Huo huhitaji dawa za antibiotiki, rifampisini na klarithromisini, kwa wiki 8, plasta haiutibu.

Plasta hizi ni ghali, sikatai. Lakini plasta moja yaweza kukaa siku 3 hadi 7. Piga hesabu ya gozi, nauli ya boda kila siku, na asubuhi ambazo binti hakufungua kibanda chake sokoni.

Kwa mzee huyu, hata plasta bora ingekuwa kazi bure peke yake, maana damu inatuama mguuni. Nilipapasa mapigo ya unyayo, nikapima mishipa kuhakikisha damu inafika, ndipo nikamfunga bandeji ya kubana kuanzia vidoleni hadi chini ya goti, iisukume damu ipande. Hilo ndilo linalosahaulika zaidi.

Nikabandika plasta nyingine, nikaandika tarehe juu yake kwa kalamu.

"Ukiona ute, uache. Mguu ukiwa mwekundu na wa moto, au mzee akipata homa, nipigie."

"Na harufu je, sista?"

"Fungua dirisha, dada."